Boksi la taa lituambie pia kuhusu wekundu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu hoja ambayo wasomaji wenzangu wamekuwa wakiirudia katika gazeti hili, kwamba taa za LED kwa maumbile yake huua rangi, hasa rangi nyekundu, na kwamba heri turudi kwenye balbu za waya za zamani. Wasomaji hao wameona jambo la kweli. Nyanya zilizoiva vizuri huonekana usiku kibandani kama zimepakwa udongo, na kitenge chekundu ulichokipenda dukani chini ya taa hukitambui ukikitoa juani. Ninachopinga ni maelezo ya sababu, kwa kuwa sababu ikikosewa, dawa nayo itakosewa. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 26, sehemu kubwa hapa Mbeya, na jambo hili nimelifuatilia kwa muda mrefu, mwanzoni kwa udadisi tu, na sasa kwa wasiwasi.

Wasiwasi ulinijia kupitia kwa mdogo wangu, ambaye ni mkunga katika zahanati ya kijijini. Zahanati yao ilipofungiwa umeme wa jua na kuwekewa taa nyeupe zenye mwanga mkali, wote walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakizalisha kwa taa ya chemli na tochi ya simu. Baada ya wiki chache akanipigia simu akasema, "Kaka, mwanga ni mwingi lakini wekundu siuoni." Mjamzito anapofika kliniki, mkunga humvuta kope la chini atazame kama ndani pana wekundu au pamepauka, na hutazama pia vitanga vya mikono, kwa maana hizo ndizo dalili za haraka za upungufu wa damu pale ambapo maabara iko mbali. Chini ya taa zile, kila mama alionekana amepauka. Mchana mdogo wangu humsogeza mgonjwa dirishani. Usiku dirisha halimsaidii.

Ili tuelewe wekundu huo umekwenda wapi, ni lazima tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui: ndani ya taa ya LED hakuna kitu kinachozaa mwanga mweupe. Kilichomo ni kipande kidogo mno cha nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, ambacho kikipitishiwa umeme hutoa mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kadiri namba inavyopanda, rangi huelekea wekundu). Kazi ya kuupata mwanga huo wa bluu ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Lakini bluu peke yake haifai kumulika nyumba. Mwaka 1996 kampuni ya Nichia ya Japani ilitoa taa ambayo kipande chake cha bluu kimefunikwa kwa unga wa manjano, na unga huo ndio kiini cha barua yangu. Wataalamu huuita fosfa, na usichanganywe na fosfeti ya mbolea, kwani havina uhusiano wowote. Ni kauri iliyosagwa, iliyoundwa kwa itriamu, alumini na oksijeni, na ndani yake zimetiwa atomu chache za seriamu. Unga huo hunywa sehemu ya bluu na kuirudisha ikiwa mwanga wa manjano, ambao kilele chake kiko karibu na nanomita 550. Bluu iliyoponyoka na manjano hayo huingia jichoni pamoja, na jicho husema limeona nyeupe.

Msomaji anayetilia shaka maneno yangu anaweza kuhakikisha mwenyewe. Aichukue balbu ya LED iliyokwishaungua, aondoe kifuniko chake cheupe, naye ataona vidoti vya manjano vimepangwa juu ya sahani ya alumini. Kisha usiku, achukue sidii ya muziki isiyotumika, aigeuze upande unaong'aa na kutazama humo mwakisiko wa taa inayowaka, akiinamisha sidii polepole mpaka rangi zitokee kama upinde wa mvua. Wanafunzi wangu wamefanya jaribio hili mara nyingi. Bluu huonekana kali, baada yake hufuata sehemu iliyofifia, halafu kijani na manjano kwa wingi, na upande wa mwisho, pale ambapo nyekundu ilipaswa kutanda, rangi hukatika upesi. Ukifanya hivyo hivyo kwa balbu ya waya, nyekundu hutanda hadi mwisho bila kukatika.

Kitu chekundu hakina wekundu wa kwake kinachoutoa gizani. Hurudisha ule uliomo katika mwanga unaokimulika. Hemoglobini ya damu hunyonya kwa nguvu mwanga wa kijani na wa manjano, kati ya nanomita 540 na 580, na kuuachia ule unaozidi nanomita 600. Basi taa isipokuwa na kitu cha kutosha kupita 600, damu haina cha kurudisha, na kope la mama mwenye damu ya kutosha litafanana na kope la mama aliyepungukiwa. Mdogo wangu hakuwa na tatizo la macho.

Dawa ya upungufu huu imekwishapatikana, na ilipatikana kwenye unga, bila kukigusa kile kipande cha bluu. Elementi iliyoileta ni yuropiamu, mojawapo ya madini adimu, iliyogunduliwa na Mfaransa Eugène-Anatole Demarçay mwaka 1901. Yuropiamu ina sura mbili. Ikiwa imepoteza elektroni tatu, hutoa wekundu mwembamba wa karibu nanomita 611, na ndiyo iliyokuwa ikituonyesha wekundu katika televisheni za chogo na katika taa za mirija. Elektroni zinazohusika zimejificha ndani ya atomu, zimefunikwa na nyingine zilizo nje yake, kwa hiyo rangi yake haibadiliki sana hata ukiihamisha kutoka kauri moja kwenda nyingine. Kasoro yake ni kwamba hainywi vizuri mwanga wa bluu; katika mirija huchochewa na miale ya urujuanimno inayotoka kwenye mvuke wa zebaki. Ndiyo maana haikuwezekana kuuchota unga mwekundu wa mirija na kuupaka juu ya LED.

Ikiwa imepoteza elektroni mbili tu, mambo hugeuka kabisa. Elektroni ikichochewa hupanda hadi kwenye ganda la nje, na huko haina kinga. Humgusa kila jirani, yaani kila atomu iliyo karibu, na majirani hao ndio wanaoamua rangi. Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kupita yote niliyowahi kufundisha kuhusu mwanga, na nasikitika kwamba halimo katika vitabu vya kidato cha sita. Yuropiamu hiyo ikikaa katika kauri ya bariamu, magnesi, alumini na oksijeni, hutoa bluu ya nanomita 450. Ikikaa katika kauri ambayo majirani zake ni naitrojeni, hutoa nyekundu ya nanomita 650. Ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, ni ile ile, idadi ya elektroni ni ile ile, kilichobadilika ni nyumba.

Sababu yake inaelezeka. Naitrojeni haizing'ang'anii elektroni kama oksijeni. Katika kipimo cha Pauling, kinachoonyesha nguvu ya atomu kuvuta elektroni, oksijeni ina 3.44 na naitrojeni ina 3.04. Kwa hiyo hushirikiana elektroni na yuropiamu kwa karibu zaidi, na tena chaji yake hasi ni tatu wakati ya oksijeni ni mbili, hivyo msukumo wake juu ya elektroni iliyopanda ni mkubwa zaidi na huzipasua ngazi za juu za nishati zikaachana. Mambo hayo mawili kwa pamoja huishusha ngazi ya chini kabisa kati ya hizo, ambayo ndiyo elektroni huanzia safari ya kurudi. Safari ikiwa fupi, nishati inayotolewa hupungua, na mwanga wenye nishati ndogo ndio mwekundu. Safari yenyewe huchukua muda wa karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo ioni moja huweza kupokea bluu na kutoa nyekundu mara nyingi bila kuchoka.

Mwaka 2000 wanakemia wa Munich, Ujerumani, wakiwa na Profesa Wolfgang Schnick, walichapisha habari za nitridi (yaani kauri yenye naitrojeni) ya bariamu na silikoni iliyotiwa yuropiamu. Huko Tsukuba, Japani, katika taasisi ya taifa ya sayansi ya vifaa inayojulikana kama NIMS, Naoto Hirosaki, Rong-Jun Xie na wenzao walikuwa wakiishughulikia jamii ya kauri iitwayo sialoni, ambayo ni oksinitridi, yaani ina oksijeni na naitrojeni kwa pamoja. Sialoni ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya ugumu wake, na mafundi wa kuchonga vyuma huitumia kama ncha za kukatia. Hakuna aliyeitafuta kwa ajili ya mwanga. Ikitiwa yuropiamu, aina moja ya sialoni hutoa rangi kati ya manjano na machungwa, na aina nyingine hutoa kijani safi ya karibu nanomita 540, ambayo imetumika katika vioo vya televisheni. Mwaka 2006 Kyota Uheda, Hirosaki na wenzao walieleza kauri ya kalsiamu, alumini, silikoni na naitrojeni, ambayo ikitiwa yuropiamu hutoa nyekundu yenye kilele cha nanomita 650. Unga huo ndio uliozipa taa za LED wekundu wa kweli.

Kabla yake ulikuwapo unga mwekundu wa salfidi, lakini ulidhuriwa na unyevu wa hewa, ukatoa gesi yenye salfa inayoharibu fedha iliyopakwa ndani ya taa. Nitridi ni ngumu. Atomu za silikoni na alumini zimeshikana na naitrojeni katika mtandao ambao naitrojeni moja huweza kuziunganisha atomu tatu, wakati oksijeni katika silikati za kawaida huunganisha mbili. Mtandao mgumu hautikisiki ovyo ukipashwa joto, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ndani ya taa inayowaka joto linaweza kupita nyuzi 100 za selsiasi, na unga dhaifu hufifia humo. Unga wa nitridi ukipashwa hadi nyuzi 150 hubaki na zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wake.

Ugumu huo una gharama. Wakisi wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao kwa kuni na majani peupe, katika joto lisilofika nyuzi 1,000. Unga mwekundu ninaouzungumzia huchomwa kati ya nyuzi 1,600 na 1,800, na sialoni ya kijani huhitaji zaidi, karibu 1,900 hadi 2,000, ndani ya tanuri lililofungwa na kujazwa naitrojeni kwa mgandamizo unaoweza kufika mara kumi ya ule wa hewa tunayoivuta, maana bila mgandamizo nitridi ya silikoni huvunjika kabla kauri haijaiva. Malighafi kama nitridi ya kalsiamu huharibika ikiguswa na unyevu, hivyo hupimwa na kuchanganywa ndani ya sanduku lisiloingiza hewa. Yuropiamu yenyewe hutiwa kidogo, kiasi cha atomu moja au mbili mahali pa kila atomu mia za kalsiamu. Ukizidisha sana, ioni hupokezana nishati mpaka ifike penye kasoro ya fuwele na kupotea kama joto, na unga hufifia badala ya kung'aa.

Basi ikiwa dawa ipo tangu miaka hiyo, kwa nini vibanda vyetu vimejaa taa zisizo na wekundu? Bei ya unga ni sababu moja, lakini si kubwa kuliko hii nyingine, ambayo ni namna tunavyopima taa. Boksi huandikwa wati, yaani umeme unaoliwa, na lumeni, yaani wingi wa mwanga kwa jicho, na mnunuzi makini huchagua lumeni nyingi kwa wati chache. Lumeni hupimwa kwa kufuata wepesi wa jicho kuona, na jicho huona vizuri kabisa nanomita 555, kijani inayoelekea manjano. Kwenye nanomita 650 uwezo wa jicho umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kila wati ya mwanga ambayo mtengenezaji ataihamisha kutoka kwenye manjano kuipeleka kwenye nyekundu itampunguzia lumeni zilizoandikwa kwenye boksi lake, na taa yake itaonekana duni kando ya ile ya jirani yake isiyo na wekundu kabisa. Kipimo tunachokiheshimu ndicho kinachoufukuza wekundu. Hata unga ungegawiwa bure, hali hii ingebaki.

Wahandisi wa mwanga wanacho kipimo kingine, na baadhi ya maboksi hukitaja kwa herufi Ra. Hupima jinsi rangi zinavyofanana na zile za mwanga wa asili au wa balbu ya waya, na ukamilifu wake ni 100. Lakini Ra ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo kati ya hizo nane. Nyekundu hiyo ina kipimo chake peke yake, R9. Taa yenye unga wa manjano pekee huwa na Ra ya sabini na kitu na R9 iliyo chini ya sifuri; taa yenye Ra 80, ambayo muuzaji ataisifu kuwa nzuri, inaweza kuwa na R9 isiyozidi sifuri kwa mbali. Balbu ya waya ina karibu 100 katika vyote viwili. Jimbo la California nchini Marekani, kwa nyumba mpya, limeweka kiwango cha Ra isiyopungua 90 na R9 isiyopungua 50 kwa taa zinazohesabiwa kuwa bora, na Umoja wa Ulaya unataka R9 ya taa ya LED iandikwe katika taarifa ya bidhaa. Mwaka huu nimetazama maboksi katika maduka mengi ya vifaa vya umeme hapa mjini. Wati niliziona kwenye kila boksi, lumeni kwenye mengi, Ra kwenye machache, na R9 sikuiona hata kwenye moja.

Kwa wale wanaotaka turudi nyuma, nasema kwa heshima kwamba gharama yake hatutaiweza. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa mwanga ambao LED ya wati 9 au 10 huutoa. Sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. Zahanati inayotegemea betri na paneli mbili haiwezi kuwasha balbu hizo usiku kucha. Kurudi kwenye mirija nako ni kurudi kwenye zebaki, na nchi za Afrika ndizo zilizopeleka pendekezo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, la kuziondoa taa hizo sokoni, pendekezo ambalo kwa sehemu kubwa limekubaliwa.

Niongeze neno kuhusu habari za madini adimu, kwa kuwa gazeti hili limeandika mara kadhaa juu ya Ngualla, mkoani Songwe, jirani zetu kabisa. Kwa wasomaji wengi madini hayo ni "madini ya taa na simu", nao hudhani kwamba kuwa na mwamba ni kuwa karibu na kiwanda. Kinachotafutwa zaidi Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu, za kutengenezea sumaku. Yuropiamu katika miamba ya namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya madini adimu yote, na taa moja huhitaji kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho. Thamani ya unga mwekundu imo katika tanuri, katika usafi wa malighafi na katika miaka ya watu waliokaa maabara wakibadilisha jirani mmoja wa ioni baada ya mwingine. Ningefurahi kuona waandishi wakiuliza ni chuo kipi nchini kina tanuri linalofika nyuzi 1,800 chini ya naitrojeni, na ni vijana wangapi wanalitumia.

Ombi langu ni dogo. Kwa mamlaka zinazosimamia viwango, naomba boksi la taa ya LED liandikwe Ra na R9 kando ya wati na lumeni, kwa tarakimu zinazosomeka. Kwa wanaoandika zabuni za vituo vya afya, naomba vyumba vya uchunguzi, vya kujifungulia na vya maabara viwekewe taa zenye Ra isiyopungua 90 na R9 isiyopungua 50, na katika korido na stoo watumie za kawaida. Kwa mnunuzi ambaye hana boksi la kumwambia kitu, naomba aende dukani na kipande cha kitambaa chekundu, akitazame chini ya taa inayowaka kabla ya kulipa, na hapo hapo akitazame mlangoni penye jua.

Chumba cha kujifungulia cha mdogo wangu kina taa mbili. Moja nimempelekea mimi, yenye Ra 90, niliyomwagiza mtu aliyekwenda Dar es Salaam, na tangu siku hiyo wagonjwa wote wa usiku huwachunguza upande huo wa chumba. Ya pili bado ni ile ile.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia,
Mbeya.